RAV4 inayovuma na kukaza kwenye kona: difu usinunue kwanza

Swali, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo ami. Nina RAV4 ya mwaka 2002, otomatiki, nachukulia wageni kutoka uwanja wa ndege wa Chake na bandari ya Mkoani kuwapeleka Makangale na Kigomasha. Tangu mwezi uliopita gari inatoa mvumo nyuma, uuuuu, unaanza kwenye spidi 50, na ikifika 70 wageni wanageuka kuangalia. Pia nikikata stelingi yote kuegesha, gari inashika, inaruka-ruka na kugonga gu, gu, gu, nahisi breki haikuachia. Na nikitoa rivasi kuingiza D inagonga tok mara moja. Fundi wangu amesema difu ya nyuma imekufa, nitafute nyengine Dar. Mwezi huo huo niliweka mipira miwili mipya mbele, nyuma imebaki ya zamani. Je, ninunue difu? Na naweza kuendelea kubeba wageni huku nasubiri? Msomaji, Konde, Pemba."

Marahaba mwanangu. Difu, yaani lile sanduku la meno linalogawa nguvu kwa magurudumu, usinunue, angalau si wiki hii. Sisemi fundi wako hajui kazi. Difu ya gari iliyopita miaka ishirini inaweza kufa kweli. Nasema tu kwamba katika yote uliyoniandikia hakuna hata moja linaloisuta difu peke yake, na yapo mawili yanayotupeleka kwengine kabisa. Ukishaitoa Dar, ikapanda boti hadi Unguja, ikangoja meli ya kuja Pemba, ikafungwa, na mvumo ukabaki pale pale, hakuna muuzaji atakayeipokea irudi.

Una kelele tatu, na kosa la kwanza ni kuzitafutia sababu moja. Mvumo wa spidi 70, kukaza kwa kona ya polepole, na kule kugonga mara moja kwa kubadilisha gia ni vitu vinavyotokea katika hali tofauti, kwa mzigo tofauti. Mimi naona magonjwa mawili, huenda matatu madogo. Nitaanza na kukaza kwa kona kwa sababu umenipa ufunguo wake mwenyewe, ukauweka mwishoni kana kwamba hauhusiki: mipira miwili mipya.

RAV4 yako ni ya kizazi cha pili, kilichotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2005. Inavuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. Haina kigongo cha pili cha kuchagua mawili au manne, kile cha Escudo za zamani au Jimny. Nguvu inatoka kwenye giaboksi, inaingia kwenye difu ya katikati iliyojificha ndani ya transfa (sanduku la kugawa nguvu) kule mbele, na hapo inagawiwa: sehemu inabaki kwa magurudumu ya mbele, sehemu inapita kwenye propela, ile shafti ndefu ya chini ya gari, mpaka difu ya nyuma. Kwa hiyo gari yako ina difu tatu. Watu wanaijua ile ya nyuma tu kwa sababu ndiyo inayoonekana ukichungulia chini, na ndiyo maana kila kelele inabebeshwa yeye.

Kazi ya difu ya katikati ni kuruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa hesabu tofauti. Ukipiga kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, basi lazima yazunguke zaidi. Pamoja na difu hiyo kuna chombo kilichozibwa kabisa, ndani yake mna sahani nyingi nyembamba za chuma zilizozama kwenye silikoni nzito. Mafundi wanakiita viskasi. Sahani moja inafuata mbele, ya pili inafuata nyuma, ya tatu mbele, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tofauti ya mzunguko ikiwa ndogo, zinapishana bila ya ugomvi. Tofauti ikiwa kubwa, tuseme gurudumu limezama mchangani linazunguka bure, silikoni inapata moto, inavimba, inakaza, na nguvu inapelekwa upande ulio na pa kukanyaga. Hiyo ndiyo inayokutoa ufukweni Vumawimbi bila ya kuita watu wa kusukuma.

Sasa tazama ulichokifanya. Tairi ya 215/70 R16, saizi ya RAV4 nyingi za miaka hiyo, ikiwa mpya ina kipenyo cha kama milimita 707. Iliyolika milimita 5 za meno inabaki 697. Kwa macho si kitu. Lakini mzingo wa ile mpya ni kama mita 2.22 na wa iliyolika ni mita 2.19, na katika kila kilomita moja ile iliyolika inazunguka mara 6 zaidi. Kutoka Mkoani mpaka kwenu Konde ni mamia ya mizunguko ya ziada, barabara ikiwa imenyooka, huna kona, huna mchanga. Viskasi inadhani umezama safari nzima. Silikoni inakaa moto tangu bandarini mpaka hotelini, na ukifika kwa wageni, ukakata stelingi yote kuingia getini, ndipo inapokataa kuachia. Magurudumu ya nyuma yanaburuzwa, yanaruka, yanashika tena. Gu, gu, gu.

Na hapo nimechukulia kwamba saizi ni moja. Angalia ubavuni. Wauzaji wetu wa tairi za mtumba hawana tabu kukupa 235/60 R16 pahala pa 215/70, rimu inaikubali na boliti ni zile zile. Kipenyo cha hiyo ni kama milimita 688, na ukiiweka nyuma huku mbele kuna 215/70 mpya, tofauti inakuwa zaidi ya mizunguko 12 kwa kilomita. Hilo linaiua viskasi. Ukiwa hapo hapo ubavuni, soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi za DOT: 2316, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira "mpya" wa mtaani mara nyengine una umri wa mwanafunzi wa skuli.

Usiniamini kwa hesabu tu, pima. Asubuhi, tairi zikiwa za baridi, jaza upepo sawa kwa kipimo cha kile kibandiko cha nguzo ya mlango. Madereva wanaoshuka ufukweni hupunguza upepo wakasahau kuurudisha, na tairi laini nayo ina mzingo wake. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Piga mstari wa chaki kwenye tairi ya mbele pale inapogusana na sakafu, na mstari mwengine sakafuni hapo hapo. Gia iwe N, watu wawili wasukume, stelingi imenyooka, mpaka tairi izunguke mara tano kamili. Piga mstari wa pili sakafuni, upime kwa tepu. Rudia kwa tairi ya nyuma. Kwa tairi mpya utapata karibu mita 11. Mimi nataka mbele na nyuma zisipishane zaidi ya sentimita 5 kwa hiyo mizunguko mitano. Zikipishana 15, umeshapata jibu la kona yako na hujafungua hata nati moja.

Jaribio la pili ni la mahali. Kata stelingi yote, D, usikanyage mafuta, gari ijizungushe yenyewe kwenye lami. Halafu fanya vivyo hivyo kwenye mchanga mwepesi au kiwanja cha mpira chenye udongo mkavu. Ikiwa kwenye lami inakaza na kwenye mchanga inapita bila ya kelele, basi hakuna jino lililovunjika. Ni mbele na nyuma zinavutana, na mchanga unazipa nafasi ya kuteleza. Ikiwa gu, gu, gu inabaki vile vile hata mchangani, nirudie, maana hapo tunazungumza mengine. Angalia na wakati: asubuhi gari ikiwa haijatembea inakaza kidogo, baada ya safari ndefu inakaza sana? Hiyo ni tabia ya viskasi. Kitu kilichovunjika hakijali kama gari imepoa au imepata moto.

Usiichanganye na sivi-jointi, kile kiungo cha ekseli kwenye gurudumu la mbele. Ile inalia kok-kok-kok-kok kwa mpangilio, inafuata mzunguko wa gurudumu la mbele, inazidi ukikanyaga mafuta huku umekata stelingi, na gari haishiki. Chungulia buti zake za raba nyuma ya magurudumu ya mbele. Iliyochanika ikaingia mchanga wa pwani haina maisha, lakini kwa maelezo yako siyo.

Dawa ya kujaribia ni kuazima. Konde na Wete RAV4 za aina yako zipo, na mwenzako hatokosa kukupa magurudumu yake mawili kwa siku moja ikiwa utamrudishia yakiwa na upepo. Unachotaka ni manne ya saizi moja na ulikaji unaokaribiana. Fanya safari ya kawaida, rudi, kata kona. Ikiwa kukaza kumekwisha au kumepungua sana, nunua mbili za nyuma zinazolingana na hizo mpya, mambo yameisha, na viskasi yako umeiwahi. Ikiwa zote nne ni sawa na bado inashika baada ya kupata moto, viskasi imeshapikika. Hiyo iko ndani ya transfa, mbele, upande wa pili wa gari na hiyo difu unayoambiwa ununue.

Kuna kipimo kimoja zaidi cha viskasi ambacho fundi wako anaweza kukifanya. Weka vizuizi vya mti magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake, gia N, handibreki chini, nyanyua gurudumu moja tu la nyuma na uweke stendi. Lizungushe kwa mkono. Litakuwa zito, usishituke: viskasi inakataa haraka, haikatai upole. Ukilisukuma kwa nguvu ile ile bila ya kuacha, litazunguka polepole. Lisilosogea kabisa, hata ukilitegea bomba la chuma kwenye nati kupata nguvu ya ziada, limeshikwa na viskasi iliyokufa.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu najua ushauri gani utapewa barazani. Atatokea mtu akwambie: "Toa propela, ifanye tu-wili (ivute kwa magurudumu mawili tu), kelele itakwisha na mafuta utayapunguza." Nimeziona RAV4 nyingi zimefanyiwa hivyo Unguja, na kelele ya kona kweli inakwisha. Lakini difu ya katikati bado ipo, na upande wake wa nyuma sasa unazunguka hewani bila ya mzigo. Nguvu ya difu huenda kwenye upande mwepesi. Kinachobaki kuisukuma gari yako mlimani ni ile silikoni peke yake, inayoshika mbele na nyuma kwa msuguano tu. Kisiwa chetu hakina tambarare ya kuisamehe. Itafika siku, ukiwa na mizigo na wageni wanne kwenye mlima, unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele na gari imesimama. Propela haitolewi kama tiba, na hata kwa kujaribu, basi mita chache uwanjani, polepole, na inarudishwa siku ile ile.

Wenye Escudo za zamani na Jimny wasome jambo moja na wapite: za kwenu hazina difu ya katikati, kwa hiyo ukiiacha kwenye 4H (manne yanavuta) juu ya lami kavu itakaza kwenye kona namna hii hii, na hiyo si ugonjwa. Rudisha 2H (mawili).

Sasa mvumo. Huu ndio uliomfanya fundi aseme difu, na simlaumu, kwa sababu mvumo wa nyuma unasafiri kwenye bodi na sikio la dereva halijui unatoka wapi. Dereva hafai kuwa msikilizaji. Mpe mwengine aendeshe, wewe kaa kiti cha nyuma, lala kidogo huku na huku, funga madirisha, zima feni.

Washukiwa ni watatu: tairi, beringi za habu (kile kitovu kinachobeba gurudumu), na difu. Namna ya kuwatenganisha ni kujua nani anajali mzigo na nani hajali. Meno ya difu yanajali sana. Ukikanyaga mafuta yanasukumana upande mmoja, ukiachia yanasukumana upande wa pili, na mlio unabadilika pale pale: unatokea ukikanyaga na kupotea ukiachia, au kinyume chake. Tena ni mlio mwembamba, wa juu, kwa sababu propela inazunguka mara kadhaa kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Tairi na beringi ya habu hazijui kama umekanyaga au umeachia. Zinajua spidi tu, na sauti yao ni nzito. Wewe umeniandikia "uuuuu", hukuniandikia "iiiii", na hukusema kama unabadilika na mguu. Ndiyo maana nasema difu bado haijashitakiwa.

Basi tafuta kipande cha lami kilichonyooka, asubuhi mapema kabla ya daladala na gari za ng'ombe. Ikiwa ni msimu wa karafuu, tafuta pasipo na majamvi kando ya barabara, watu hawatofurahi ukiyumba mbele ya karafuu zao. Fika 70, shikilia. Kanyaga kidogo, achia, kanyaga, sikiliza. Halafu achia mafuta na utie N, gari iteleze yenyewe mpaka 40. Injini usiizime hata kwa mzaha: ukiizima stelingi inakuwa nzito na breki inapoteza msaada wake. Mvumo ukiendelea ule ule katika N, ukipungua tu kwa kadiri spidi inavyopungua, difu imetoka kwenye orodha kwa asilimia kubwa.

Baadaye, kwenye 60, yumbisha gari polepole kulia na kushoto ndani ya upande wako wa barabara. Ukielekea kulia, uzito unakwenda kushoto. Mvumo ukizidi hapo na ukapungua ukielekea kushoto, mshukiwa ni habu ya kushoto. Kinyume chake, ya kulia. Tairi mbovu haibadiliki sana kwa kuyumba, lakini inabadilika barabara ikibadilika: kwenye lami mpya laini inasikika wazi, kwenye lami kongwe yenye kokoto inamezwa.

Halafu mikono. Simamisha gari, pitisha kiganja juu ya meno ya tairi za nyuma, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha rudi. Upande mmoja kiganja kinapita laini, ukirudi kinakwaruzwa na ncha? Tairi imelika msumeno, na tairi ya namna hiyo inavuma sawasawa na beringi mbovu, hata watu wazima wa kazi hii wanadanganyika. Mara nyingi inatokana na nyuma kutopimwa alaimenti. Wengi wetu tunapima mbele tu, na RAV4 nyuma nako kuna marekebisho yake. Kwa hiyo siku ile ya kuazima magurudumu, yafunge nyuma: jaribio moja linakujibu maswali mawili.

Ikiwa tairi ni salama, nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, gari ikae juu ya stendi, isikae kwenye jeki peke yake. Ya mbele uyatie vizuizi, gia N, handibreki chini. Zungusha la kulia kwa mkono: la kushoto litazunguka kinyume na propela itatulia. Hiyo ndiyo faida ya kunyanyua yote mawili, difu inakaa kimya na kinachosikika ni habu. Weka mkono wako mwengine juu ya springi ya upande huo huo huku unazungusha. Beringi nzima hutoihisi. Beringi iliyokula inaleta mtetemo mdogo wa mchanga-mchanga kwenye vidole kupitia springi, hata kabla sikio halijasikia kitu. Linganisha kulia na kushoto. Kisha shika tairi mkono mmoja juu, mmoja chini, itikise kwa kusukuma na kuvuta. Ikicheza, hata kidogo, habu hiyo imekwisha.

Na tafadhali, mtu asije akawasha injini na kutia D huku magurudumu mawili yako hewani na mawili yako chini. Gari hii inavuta yote manne, itaruka kutoka kwenye stendi. Kwa sababu hiyo hiyo ikiharibika njiani haivutwi huku magurudumu mawili yamenyanyuliwa, inapandishwa juu ya lori.

Ningekuwa mtu wa kuweka dau, dau langu la mvumo lingekuwa beringi ya habu ya nyuma, na tairi zilizolika zinafuata kwa karibu sana. Gari inayoshuka ufukweni ikarudi bila ya kuoshwa chini kwa maji yasiyo ya chumvi, chumvi inapita kwenye sili na griisi haidumu. Ukinunua beringi, nunua mpya, ya mtumba usiipokee hata bure. Jambo dogo kabla hujalipa: bamba jembamba lililo nyuma ya disiki hushika vijiwe vya njia za matumbawe. Kijiwe kimoja hapo kinapiga ukelele wa kutisha, na mara nyengine ukirudi rivasi kidogo kinaanguka chenyewe.

Kule kugonga tok sina wasiwasi nako sana. Gari yenye umri huu ina ulegevu kidogo kidogo kila pahala, na ukibadilisha kutoka R kwenda D ulegevu wote unafungwa kwa mara moja. Ila angalia. Injini imezimwa, magurudumu yamezuiwa, lala chini, shika propela uizungushe kwa mkono huku na huku. Tazama kila krosi, yaani kiungo cha propela: ikiwa upande mmoja unasogea kabla ya wa pili, au pembeni ya vikombe vyake pana unga mwekundu wa kutu, krosi imekauka. Propela ya RAV4 si kipande kimoja, inashikwa katikati na senta beringi iliyozungukwa na raba. Isukume juu. Raba ikiwa imechanika na propela inaning'inia, umepata tok yako, na pengine mtikisiko wa kuondokea. Mwisho, tazama bushi zinazoishika difu yenyewe kwenye gari. Zikioza, difu nzima inainama na kugonga bodi kila ukibadilisha gia, na fundi anayesikiliza juu anasema difu imekufa wakati kilichokufa ni raba.

Tuseme umefanya yote hayo na mvumo unabadilika ukikanyaga na kuachia. Hapo nakubali, tuiangalie difu. Lakini iulize difu yenyewe kwanza: mwaga oili yake. Anza na boliti ya juu, ya kujazia. Ukianza na ya chini, oili ikamwagika, halafu ya juu ikakataa kufunguka kwa kutu, gari italala gereji. Pokea oili kwenye chombo safi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu yenye moto ikitumbukia kwenye maji, hewa ya ndani inapoa na kujikunja, na inavuta maji kupitia kipumulio au sili, kwa hiyo safisha kipumulio na utafute sili iliyovuja. Kwenye boliti ya chini mara nyingi huwa na sumaku. Uji mwembamba wa kijivu juu ya sumaku ni ulikaji wa kawaida wa miaka. Vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha si kawaida, na hapo fundi wako atakuwa amesema kweli. Ikiwa oili ni nyeusi tu na haina vyuma, jaza mpya, 80W-90 ya daraja la GL-5, haifiki lita moja, ifike kwenye mdomo wa tundu la kujazia, utembee nayo usikilize.

Na ukilazimika kununua difu, usiende dukani ukasema "difu ya RAV4". Uwiano wa meno si mmoja kwa RAV4 zote, hutofautiana kwa kizazi cha gari, kwa injini, na kwa otomatiki au gia za mkono. Ukifunga nyuma difu isiyolingana na ya mbele, umejiletea lile tatizo la tairi kwa ukubwa ambao hakuna tairi itakayolitibu, na viskasi haitomaliza wiki. Fungua boneti, tafuta kibao cha chuma chenye namba ya chasisi, piga picha mstari ulioandikwa TRANS/AXLE pamoja na modeli, umtumie muuzaji picha, usimsomee kwa simu. Akikwambia "zote sawa hizo", tafuta muuzaji mwengine.

Umeuliza kama ubebe wageni. Ikiwa tairi la nyuma linacheza ukilitikisa, au habu moja baada ya safari ina moto kuliko mwenzake (sogeza kiganja karibu na rimu, disiki usiiguse), hapana, hata mpaka Wete usiende. Beringi inayoachia kwenye mteremko haitoi ilani ya pili. Ikiwa hakuna kinachocheza na hakuna chenye moto, beba, 50 usiizidi, na wiki hii ufukweni usishuke, washushie wageni juu wateremke kwa miguu. Kwenye kuegesha usikate stelingi mpaka mwisho, rudi nyuma mara mbili ikibidi. Ukishapima kwa chaki niandikie sentimita ulizopata mbele na nyuma, na saizi zilizoandikwa ubavuni mwa tairi zote nne.